Mtoto wa Shela alikata pumzi, wakasema ni asidi: uchambuzi wa kisa

Mtoto ni wa kiume, wiki 12, alizaliwa miezi yake imetimia, hajawahi kulazwa. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili familia isijulikane ila yale ya matibabu yako vile vile. Kaletwa Lamu mjini asubuhi kwa boti kutoka Shela, na mama yake na nyanya yake, mfuko wa dawa mkononi manake usiku walishapita mahali pengine, kliniki moja ya kulipia ambayo sitaitaja, wakaambiwa mtoto ana asidi, imepanda imembana pumzi. Wakapewa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, na domperidone ya maji, dawa ya kuzuia kutapika, na wakaambiwa wamlaze kwenye mito kichwa kiwe juu. Mama hakulala usiku huo, alikaa mpaka adhana ya alfajiri kidole kikiwa chini ya pua ya mwanawe.

Maelezo yalivyokuja mara ya kwanza ni hivi: alikunywa maziwa, akalala, ghafla akakata pumzi, akawa mweusi, akalegea, dakika tano nzima, nyanya akampulizia usoni akarudi. Na ni kweli huyu mtoto anacheua sana tangu ana mwezi, kila akinyonya bega la mama linalowa. Sa ukiunganisha kucheua na kukata pumzi unapata "asidi" haraka sana, na dawa iko hapo kwenye rafu, na familia inataka kuondoka na kitu mkononi, kila mtu anaridhika.

Lakini mtoto niliyemuona mimi anacheka na feni. Rangi nzuri, ulimi na ufizi ni wa pinki, anapumua mara 40 kwa dakika, oksijeni 98, anashika kidole changu hataki kuachia. Mtoto aliyekaa bila pumzi dakika tano haji hivi asubuhi yake. Kwa hiyo dakika tano haiwezi kuwa dakika tano, na kama hilo limekosewa basi na mengine inabidi yaulizwe upya moja moja.

Visa vya aina hii mimi naanza na kuuliza nani aliyeona. Sio nani anayejua, nani aliyeona kwa macho yake kuanzia mwanzo. Mama ndiye aliyekuwa anasimulia na kumbe mama hakuwepo, alikuwa kazini, anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule kule Shela, alipigiwa simu akaja mbio. Nyanya alikuwa chooni anatia udhu wa magharibi. Aliyekuwa na mtoto ni binamu yake, msichana wa miaka kumi hivi, na huyo ameachwa nyumbani, hata kule kliniki ya kwanza hakuna aliyemtaja.

Tukampigia vidio. Kwanza hataki kusema, maskini, manake usiku mzima kaulizwa "umemfanya nini mtoto?" Nikamwambia mama na nyanya wanyamaze kidogo, nikamwambia yule msichana, mwanangu hakuna anayekulaumu, hebu chukua leso uikunje iwe mtoto, unionyeshe tu vile ilikuwa. Akakunja leso, akailaza chali kitandani, akaweka chupa mdomoni, akaiegemeza chupa na mto mdogo isianguke, kisha akasogea pembeni kwenye daftari lake la madrasa. Akasema, "Nikasikia anakohoa kidogo, kugeuka maziwa yanatoka puani, halafu akafanya hivi." Akajipinda mgongo nyuma, mdomo wazi, macho kayatoa, hakuna sauti. Uso ulikuwa mwekundu kwanza halafu midomo ikawa rangi ya zambarau. Akapiga ukelele, nyanya akaja.

Nikawaambia sasa turudie yote kama filamu, kila mtu afanye alichofanya, mimi nashika saa ya simu. Nyanya alitembea pale chumbani kwetu hatua zile zile za kutoka chooni, akamnyanyua "mtoto", akampulizia, akampiga mgongoni, "akalia". Ilikuja nusu dakika hivi, hata kamili haikufika. Simlaumu nyanya kwa zile dakika tano, ukiwa umeshika mtoto asiyepumua nusu dakika haina mwisho, na karibu kila familia huzidisha. Dawa yake ni hiyo hiyo, igizeni na mpige saa.

Nikamuuliza nyanya, ulipomnyanyua alikuwa mlegevu au mkakamavu? Akafikiri. "Mkakamavu mwanangu, kajipinda, na ananitazama." Kulegea kulikuja baadaye, alipokwisha kulia akachoka akalala. Hii tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto anayekutazama hajapoteza fahamu.

Halafu chupa. Ilikuwa kwenye mkoba, nikaomba niione. Nikaipindua mdomo chini na badala ya kudondoka tone tone maziwa yakashuka mfululizo kama bomba. Tundu la chuchu limepanuliwa. Mama akasema wazi, sindano ilipashwa moto kwenye jiko la makaa, manake mtoto alikuwa anachelewa kumaliza na analia. Chupa yenyewe ni ya mililita 240, maziwa ya kopo, inajazwa mpaka juu. Mtoto huyu ana kilo 6. Hesabu tunayotumia ni kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani 900 kwa siku nzima, ukigawa kwa mara 7 au 8 unapata kitu kama 110 mpaka 130 kila mara. Yeye anapewa karibu mara mbili ya hapo, kwa kasi ya bomba, amelala chali, na chupa imeegemezwa na mto kwa hiyo hata akitaka kupumzika hawezi kuitoa. Na msichana wa watu anaambiwa kafanya nini.

Huyu mtoto alipaliwa. Hapo ndipo nimefika na sababu zangu ni hizi.

Koo la hewa la mtoto mchanga lina ulinzi mkali mno. Kioevu kikigusa pale juu ya koromeo, iwe maziwa, iwe maji, mlango unafungwa kwa nguvu, pumzi inasimama, moyo unapunguza mwendo kidogo, anameza, kisha mlango unafunguka. Mtu mzima akipaliwa anakohoa, mtoto wa miezi miwili mitatu mara nyingi anafunga kwanza kukohoa baadaye, ndio maana unaona kimya, mdomo wazi, rangi inageuka. Inatisha lakini ni mwili unalinda mapafu. Huo mfungo haungoji asidi. Tena maziwa yakiwa ndio kwanza yameingia tumboni yanaizima asidi kwa saa moja au zaidi, kwa hiyo kile kilichokuwa kinarudi puani magharibi ile kilikuwa maziwa matupu tu. Omeprazole inapunguza asidi, haipunguzi maziwa kurudi hata tone. Ungempa omeprazole chupa nzima na ile chuchu ikabaki, angepaliwa tena keshokutwa.

Kuhusu kucheua kwenyewe: kile kilango cha chini ya umio kwa watoto wachanga hulegea ovyo ovyo, chakula chote ni cha maji, umio mfupi, na mtoto analala muda mwingi, kwa hiyo kinarudi. Kucheua hupanda mpaka kilele kama miezi 4, kisha kunapungua anapoanza kukaa, na wengi wanakuwa wameacha kati ya miezi 12 na 18. Mtoto anayecheua huku anaongezeka kilo na anacheka hana ugonjwa, ana mama mwenye nguo nyingi za kufua. Nilifungua kijitabu cha kliniki, mstari wake wa uzito unapanda vizuri kabisa. Ukichunguza watoto kwa mashine zinazopima pumzi na maziwa yanayorudi kwa pamoja, mara nyingi pumzi inasimama bila maziwa kurudi, na maziwa yanarudi bila pumzi kusimama. Ni vitu viwili vinavyoishi mtaa mmoja.

Na dawa. Kuna utafiti wa 2009, watoto 162 waliodhaniwa wana riflaksi, yaani ugonjwa wa vya tumboni kurudi juu, na wanaolia wakinyonya, nusu wakapewa lansoprazole, ambayo ni ndugu yake omeprazole, nusu wakapewa dawa ya bandia. Waliopata nafuu upande wa dawa 54%, upande wa bandia 54%. Hakuna tofauti, ila waliokunywa dawa ya kweli walipata matatizo makubwa zaidi, hasa maambukizi ya kifua. Domperidone nayo inaweza kuvuruga umeme wa moyo, mwaka 2014 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliibana matumizi yake kwa sababu hiyo hiyo. Sasa mtoto amekata pumzi, hujui kama moyo wake uko sawa, na wewe unampa dawa inayogusa umeme wa moyo kabla hata ya kuupima. Hapo nilikasirika kidogo, nakiri.

Haya, tuseme yule msichana hakuwepo. Hakuna aliyeona maziwa puani, hakuna chupa, tuna hadithi ya mtoto aliyegeuka rangi akakata pumzi akarudi basi. Madaktari wa watoto wa Marekani mwaka 2016 waliipa hali hiyo jina, BRUE, kwa kifupi ni tukio la ghafla kwa mtoto chini ya mwaka, fupi, limeshaisha, na baada ya kuuliza na kupima vizuri hujapata maelezo: amegeuka rangi kuwa buluu au mweupe, au pumzi imesimama au imepungua, au amelegea au kukakamaa kupita kiasi, au hakuwa anaitika. Moja kati ya hayo inatosha. Ukishaona maziwa puani na mtoto anapaliwa haiitwi tena BRUE manake maelezo yapo. Na mikono na miguu kuwa buluu peke yake haihesabiki, tazama midomo, ulimi, ufizi, hasa kwa watoto wetu weusi. Pia pumzi ya mtoto aliyelala kusimama sekunde tano mpaka kumi halafu kuendelea ni kawaida yao, inaanza kutia wasiwasi ikifika sekunde 20, au fupi lakini rangi imegeuka.

Wenye hatari ndogo ni wale waliopita siku 60, waliozaliwa wiki 32 au zaidi na ukijumlisha wiki za tumboni na za duniani zinafika 45, tukio ni la kwanza, halikuzidi dakika moja, halikuhitaji mtaalamu kumshindilia kifua, na ukimuuliza na kumpima hupati kitu cha kutisha. Huyu wetu angepita kote. Na kwa mtoto wa namna hiyo mwongozo unasema mwangalie saa 1 mpaka 4 na kipimo cha oksijeni, unaweza kupima umeme wa moyo, unaweza kupima kifaduro, wafundishe wazazi kuokoa pumzi, basi. Usimtoe damu, usimpige picha ya kifua, usimchome sindano ya uti wa mgongo, usimpe dawa za asidi. Kwa sisi wa Lamu hilo lina uzito wake, manake familia ikishaambiwa kuna kipimo hakipo hapa inavuka mpaka Mokowe inapanda basi, Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, na mtoto mzima njiani, pesa ya mwezi imekwisha.

Hata hivyo sikuishia kwenye chupa tu, ukipata jibu moja zuri ni rahisi kuacha kutafuta. Nilimvua nguo zote nikamtazama mwili mzima, nyuma ya masikio, ndani ya mdomo, utosi, alama zozote za kuumizwa. Namfanyia kila mtoto, hata wa watu ninaoswali nao. Niliuliza kama kuna anayekohoa nyumbani, manake kifaduro kwa mtoto mdogo kinaweza kuja bila kikohozi, pumzi tu inasimama. Hakuna, na chanjo za wiki 6 na 10 amepata. Niliuliza asali, na ndio, nyanya alimlambisha siku za mwanzo. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulisimu ambavyo tumbo la mtoto chini ya mwaka haliviwezi, mtoto anakosa choo, kilio kinakuwa dhaifu, kope zinaanguka, analegea. Huyu ananyonya kwa nguvu na analia mpaka ukuta unasikia, kwa hiyo sio hilo, ila asali ikome mpaka atimize mwaka.

Niliuliza pia kama kuna kijana kwenye ukoo aliyekufa ghafla. Nyanya akasema yupo, ami yake mtoto, alikufa maji. Hapo nikasimama, manake kuna magonjwa ya umeme wa moyo ya kurithi ambayo humuua muogeleaji mzuri kwenye maji ya kawaida. Nikauliza alikufaje. Ni chombo kilipinduka wakati wa kusi, walikuwa wanne, wawili hawakurudi. Hicho ni kifo cha bahari, hakina siri ya moyo ndani yake. Tukapima umeme wa moyo hata hivyo, ukawa sawa.

Nyanya alingoja mama atoke nje ndio akaniuliza taratibu, "Na kama ni nyuni?" yaani yule ndege wa pepo anayesemwa huwaletea watoto degedege. Sikumcheka. Nilimweleza degedege inavyokuwa: viungo vinaruka kwa mpigo na ukivishika havisimami, macho yanakwama upande mmoja, mtoto hakuoni, na ikiisha analala usingizi mzito huwezi kumwamsha. Mjukuu wake alikuwa anamtazama. Kinga akitaka kumfunga sina neno, ila isiwe shingoni, uzi wa shingoni unanyonga mtoto usiku.

Ami mwingine yuko Dubai na keshaahidi kuleta ile soksi inayopima oksijeni na mapigo ya moyo na kulia alamu. Niliwaambia waache. Hizo mashine za nyumbani zina historia ndefu, mwaka 1972 daktari mmoja Marekani aliandika makala kwamba pumzi kusimama ndio chanzo cha vifo vya ghafla vya watoto usingizini, akitumia watoto watano, wawili ni ndugu wa familia moja, na kutoka hapo mashine zikatapakaa majumbani. Mwaka 1995 mama wa wale wawili alihukumiwa kwa kuua watoto wake watano, hao wawili wakiwemo. Na kwa mtoto wa hatari ndogo mashine haijaonyesha kuokoa, inaleta alamu za uongo na mama asiyelala, na mama asiyelala tayari tunaye.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kumlaza chali. Nyanya: "Akicheua chali si ndio atapaliwa?" Inaonekana hivyo kabisa, mpaka uangalie koo lilivyo. Koo la hewa liko mbele, umio uko nyuma. Akilala chali koo la hewa linakuwa juu na umio chini, maziwa yakirudi lazima yapande ndio yaingie kwenye hewa, na hayapandi, anayameza. Ukimlaza kifudifudi umeligeuza, hewa iko chini na maziwa yanateremka. Uingereza walianza kuhimiza chali mwaka 1991, Marekani kampeni yao ikaanza 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua zaidi ya nusu, na waliopaliwa hawakuongezeka. Mito nayo itoke, kidevu kikianguka kifuani ndio njia ya hewa inajikunja, na kitanda kiwe bapa. Udi na ubani wafukize mtoto akiwa chumba kingine. Hapo nyanya aliguna lakini alikubali.

Tulikaa nao mpaka adhuhuri na kipimo cha oksijeni mguuni, hakushuka hata mara moja. Dawa zote mbili tukasimamisha. Mama hawezi kuacha kazi na sikumwambia aache, tulipanga anyonyeshe kabla ya kutoka na akirudi na usiku, akamue ya mchana, na mtoto anywe kwa kikombe kidogo amekaa mapajani, anayemlisha amfuate mtoto, akigeuza uso ni mapumziko, apigwepigwe mgongo abeue. Ile chuchu tuliitupa pale pale.

Na kila mtu alijifunza, yule msichana kwa vidio pia. Akipaliwa na anakohoa au analia, mwache akohoe, mweke tu wima au ubavu. Akiwa kimya kabisa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa chini kuliko kiwiliwili, piga mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, mgeuze, kandamiza kifua mara 5 chini kidogo ya mstari wa chuchu, rudia. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, usimtikise, usimning'inize kwa miguu. Kumpulizia usoni hakufanyi kitu. Akilegea haitiki, hapo ni kumshindilia kifua na kumpa pumzi, huku mwingine anatafuta boti.

Aliporudi kwa chanjo ya wiki 14 uzito umepanda, hakuna tukio lingine, na bado anacheua, kanicheulia hata mimi. Ila nimewaambia kucheua gani sio kucheua: matapishi ya kijani, damu, yanayoruka mbali kila akinyonya hasa wiki za mwanzo, tumbo kuvimba, homa, utosi kuvimba, kukataa kunyonya, uzito kusimama. Lolote kati ya hayo ni hospitali siku hiyo hiyo. Na akikata pumzi tena bila maziwa, bila chupa, hata sekunde kumi tu akarudi anacheka, yale yote niliyosema ya hatari ndogo yanafutika manake ni mara ya pili, waje usiku huo huo wasingoje kupambazuke, na yule aliyeona ndio awe wa kwanza kupanda boti.